Maji Mekundu ya Bugolobi

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili msomaji asije akanitafutia ushujaa katika hadithi hii akapoteza muda wake. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nami nimecheka mpaka meno yameanza kuniaga. Lakini mwezi uliopita nililia. Tulimzika Fundi Kasereka huko Nateete, Mkongo aliyekimbilia Kampala akiwa kijana, fundi wa mabomba niliyefanya naye kazi enzi za utawala wa wanajeshi. Baada ya mazishi, watu wakiwa wamekaa mikekani wakisubiri chai, binti yake alinijia na kikombe cha bati, cheupe, chenye mdomo wa buluu uliobanduka. "Shangazi, baba alisema hiki kije kwako," akasema. Nilikipokea, nikaegemea mlango mbele za watu. Wakadhani ni uzee, wakaniletea kiti.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimepanga chumba Kisugu pamoja na msichana mwenzangu aitwaye Adong. Vitanda viwili, jiko la mkaa mlangoni, na dirisha tulilolifunika kwa gunia, si kwa sababu ya baridi bali kwa sababu ya macho ya watu. Wahindi walikuwa wameshafukuzwa, maduka yamebaki na rafu tupu. Sukari haipo, sabuni haipo, chumvi unaipata kwa kujuana. Tulikula matoke kwa mchuzi wa njugu, na siku ambazo Adong alibahatika kubeba makombo kutoka kazini tulikula kuku wa afisa, tukitafuna hata mifupa. Adong alikuwa yaya wa mtoto wa kapteni mmoja aliyekaa kwenye fleti za Bugolobi. Mimi na yeye tulitoka kaskazini, na mwaka ule jina la kwetu peke yake lilitosha kumtia mtu kwenye buti ya gari asionekane tena. Kwa hiyo kazini niliitwa Rose, naye Adong alikuwa na jina lake la kazini. Jina langu la kweli, Akello, lilibaki chumbani, na hata humo Adong alilitaja kwa kunong'ona. Tuliongea Kiswahili, lugha ya kambini, ili jirani akitega sikio ukutani adhani sisi ni watu wa wanajeshi.

Adong alikuwa na mdomo, jamani. Angeweza kumwiga kapteni anavyopanda ngazi akikohoa, na mkewe anavyohesabu mayai, mpaka ninashika mbavu huku nimeziba kinywa kwa kitenge. Lakini jioni moja alikula kimya. Nikamuuliza kulikoni. "Mtoto anatapika tena," akasema. "Na maji ya kule, Akello, yamekuwa na vituko. Ukinawa, mkono unateleza kama umepaka sabuni, na sabuni yenyewe hakuna. Halafu yananuka yai viza." Nikamuuliza kama ni kila siku. "Wapi! Umeme ukikatika leo, kesho ndiyo yananuka. Mama mtoto anasema ni mtaro." Nikamuuliza kama anayachemsha. "Nayachemsha mpaka sufuria inaomba msamaha! Wakubwa wenyewe wanakunywa bia na soda, maji hawayajui. Mtoto ndiye anayeyanywa." Nikabaki na tonge mkononi, kwa sababu mimi nilijua ni nini kinachofanya maji yateleze na kunuka yai viza, na nilijua kuchemsha hakusaidii kitu.

Hapa lazima nieleze kazi yangu. Nilikuwa mpimaji katika idara ya maji. Watu wanadhani maji ya bomba huenda mbele tu, kama treni. Sivyo. Yanakwenda mbele kwa sababu yanasukumwa. Msukumo ukipungua, pampu ikizima kwa kukosa umeme, bomba linavuta kinyumenyume kama mzee anayevuta pombe ya malwa kwa mrija. Na kama mahali fulani kwenye njia ile kuna mtu ametumbukiza mpira wa maji kwenye tangi la uchafu akausahau, bomba litanyonya uchafu ule na kuupeleka kwenye kikombe cha jirani. Ndiyo maana viwanda, gereji na machinjio huwekewa vali inayofunguka upande mmoja tu. Sisi tuliiita mlinzi. Mimi na Kasereka tulizunguka mji kuwapima walinzi hao: unafunga koki ya barabarani, unafungua kikoki kidogo ubavuni mwa vali, unatazama. Maji yakichuruzika kidogo yakakoma, mlinzi yuko macho. Yakiendelea kutoka, basi hayo yanarudi kutoka ndani, na mlinzi amelala. Tukimaliza, tulikuwa na desturi ambayo Kasereka aliishika kama sala: kabla hatujaondoka, mpimaji anakinga maji kwenye kikombe cha bati na kuyanywa yeye kwanza mbele ya mwenye mahali. Mji ulikuwa umejaa uvumi wa watu kutiliwa sumu, na bila kikombe kile hakuna ambaye angetuamini.

Chini ya fleti za Bugolobi, upande wa viwanda, palikuwa na kiwanda cha ngozi. Mwenyewe, Mhindi, alifukuzwa, na kiwanda akapewa kapteni yule yule, mwajiri wa Adong. Ngozi zililowekwa kwenye matangi ya chokaa na dawa kali ya kunyonyoa manyoya. Dawa hiyo hunuka yai viza. Chokaa huteleza. Niliyajua yote hayo jioni ile nikiwa na tonge mkononi, na sikufungua kinywa, maana nani angekwenda kumwambia kapteni kwamba kiwanda chake kinamlisha mwanawe sumu?

Siku chache baadaye Adong hakurudi nyumbani. Nilikaa na chakula chake kimefunikwa sahani mpaka kikapoa. Asubuhi alikuja Mzee Musoke, Muganda mtu mzima aliyekuwa mlinzi wa zile fleti, amevaa koti la mvua na hakuna mvua. Hakutaka kuketi. "Nyabo," akasema kwa heshima ya Kiganda akitazama mlango, "musichana yenu wamemufunga." "Mutoto alizidiwa, wakampereka hospitali. Kapteni anasema yaya anatia sumu kwa maji ya mutoto. Yuko kwa stoo ya ngozi kule kiwandani." Nikamuuliza watamfanya nini. Mzee akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyeuliza swali la kitoto. "Wanangoja aseme nani alimutuma. Akisema, ama akikataa, ni mamoja." Nikakaa chini pale pale kwenye mkaa. Na sitaficha: wazo langu la kwanza halikuwa Adong. Lilikuwa mimi. Mtu wa kaskazini, jina la bandia, anafanya kazi kwenye maji, na analala chumba kimoja na mshitakiwa wa sumu. Akinitaja tu, nimekwisha.

Ningeweza kupanda basi siku ile nikaenda kwetu. Nilishafunga hata vitu vyangu kwenye kitenge. Lakini nilipotazama kile chakula kilichopoa nikajua sitafika hata kituoni. Kitu kimoja tu kingeweza kumtoa Adong, nacho ni kumwonyesha kapteni, kwa macho yake, kwamba sumu inatoka tangini kwake. Nikaenda kwa Kasereka. Alinisikiliza akivuta sigara mpaka ikamuunguza kidole. "Mamzeli, mie niko mwoga, Mungu anajua," akasema, maana kila msichana kwake alikuwa mamzeli. "Nilikimbia vita kwetu, sikukimbilia kufa huku. Bale batatuua." Nikamwambia mimi ni mwoga kumpita. Akacheka kidogo bila furaha. "Basi tuende. Mwoga mmoja atakimbia. Wawili wataoneana haya."

Maji yanayorudi hayana sura, kwa hiyo yanatiwa rangi ili yaonekane. Idara ilikuwa na unga wa kijani ulioletwa kutoka ng'ambo, lakini kama kila kitu cha ng'ambo ulikuwa umekwisha. Kasereka akaenda soko la Nateete, kwa akina mama wanaouza rangi ya ukili wa mikeka. Haina madhara, watu huitumia kila siku. Alirudi na pakiti ya nyekundu. "Nyekundu tu ndiyo iko," akasema. Tukaona sawa, rangi ni rangi. Kosa lile wangelifanya watu wa maji peke yao. Sisi tuliwaza bomba na vali. Mji mzima, mwaka ule, ulikuwa unanong'ona juu ya maiti zinazotupwa ziwani, na kuna watu walikuwa wameacha kula samaki.

Kesho yake asubuhi tulimwomba Mzee Musoke apite kila mlango wa fleti awaambie watu wasifungue bomba mpaka tumalize. Nia yetu ilikuwa rangi itokee kwenye koki ya getini, tumwite msimamizi wa kiwanda aone, naye apeleke habari. Tukaingia kiwandani. Askari wa getini alitutazama mimi na kikapu cha spana. Kasereka akamwambia tumekuja kuongeza nguvu ya maji, naye askari akatupungia mkono tupite. Harufu ile! Macho yalichonyota mpaka nikamshukuru Mungu, maana sasa ningeweza kulia bila kuulizwa. Stoo ya ngozi ilikuwa mkono wa kushoto, mlango wa chuma, kufuli kubwa, na askari amekaa juu ya debe. Nilipita nikiwa nimeinamisha kichwa. Ndani hakukuwa na sauti yoyote, na ukimya ule uliniogopesha kuliko kama ningesikia mtu analia.

Mpira wa maji ulikuwa umezama ndani ya tangi, kama nilivyotarajia. Vali ilikuwa ukutani, imeota kutu. Kasereka alifunga koki ya barabarani, akafungua kile kikoki cha ubavuni. Maji yakatoka. Tukangoja yakome. Hayakukoma, na yalikuja na utelezi na harufu ya yai viza. "Mlinzi amekufa kabisa," akanong'ona. "Tumeshaona, mamzeli. Tuende." Nikamwambia kuona kwetu hakumfungulii mtu kufuli. Nikamimina rangi tangini, nikaisukuma kwa mti kuelekea mdomo wa mpira. Tukasogea kwenye koki ya getini, tukasubiri ije.

Badala ya rangi ikaja sauti. Ukelele wa mwanamke kutoka juu, kwenye fleti, na mwingine, na mlango ukigongwa ukutani. Nikaelewa mara moja. Mtu alikuwa amefungua bomba kule, na bomba lake limevuta kila kilichokuwa tangini. Mzee Musoke alikuwa amepita milango yote isipokuwa mmoja. Aliniambia mwenyewe baadaye: "Kwa kapteni nirifika, nyabo. Mukono ukakataa kugonga."

Walishuka na gari. Kapteni alikuwa na shati la kulalia juu ya suruali ya jeshi, mkewe nyuma yake amekumbatia sufuria kwa mikono miwili, na ndani ya sufuria maji mekundu yakipigapiga. Wafanyakazi wote wakalala chini bila kuambiwa. Kapteni hakupiga kelele. Ndiyo hofu yenyewe ilipokuwa. Alinijia mpaka nikasikia pumzi yake. "Hii damu ya nani?" akauliza.

Nimeulizwa maswali mengi katika maisha yangu, na Mungu naye siku ya kiyama ataniuliza yake, lakini sidhani kama nitaogopa hivyo tena. Kwa sababu niliona usoni pake kwamba na yeye anaogopa. Aliuliza kama mtu anayewajua waliotupwa ziwani kwa majina, akitafuta huyu ni yupi. "Si damu, afande," nikasema. "Ni rangi ya mikeka. Tunapima bomba."

"Mikeka? Wewe naona mimi mjinga?" Akamgeukia Kasereka. "Nyinyi watu ya maji nakunywa kwanza. Mimi naona nyinyi kule kwa nyumba ya kanali, mnakunywa na kikombe. Sindiyo? Leo kunywa."

Desturi yetu wenyewe ikawa kitanzi. Kasereka alitoa kikombe kwenye kikapu, na askari akakijaza kutoka kwenye sufuria. Rangi isingemdhuru. Lakini ndani ya rangi ile mlikuwa na chokaa na dawa inayonyonyoa ngozi ya ng'ombe, na utumbo wa mtu ni nini mbele ya ngozi ya ng'ombe? Akinywa, ataungua. Akikataa, ni sumu, na sisi ndio tuliotia, na kule stoo yuko aliyetumwa. Kasereka alikishika kikombe kwa mikono yote miwili na maji yakamwagikia vidoleni. "Afande, mie niko mwoga," akasema, na machozi yakamtoka waziwazi, mtu mzima. "Mamzeli, fanya kitu."

"Na wewe kabila gani?" kapteni akaniuliza. "Jina ya baba yako nani?"

Nilikuwa nakitazama kikombe, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuutazama uso wake, na ndipo nikaona kitu kinaelea mdomoni, kimejikunja kwenye ile buluu. Nikakitoa kwa kidole. Kilikuwa unywele mfupi, mgumu, mweupe. Na mwingine. Na kishungi kizima.

"Afande, tazama," nikasema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mbuzi. "Damu haina manyoya ya ng'ombe."

Akanyoosha kiganja. Nikamwekea. Alitazama kiganja, akatazama tangi, akaufuata kwa macho ule mpira wa maji kutoka tangini mpaka kwenye koki, na kutoka koki mpaka kwenye bomba linalopanda fleti. Nikasema haraka, kabla sijakosa pumzi, kwamba umeme ukikatika maji ya tangi hurudi bombani, kwamba hunuka yai viza, kwamba mtoto akiyanywa hutapika, na kwamba kuyachemsha ni bure. Sikumtaja Adong. Nisingethubutu. Aliyemtaja ni mke wa kapteni. Aliweka sufuria chini polepole. "Baba Hassan," akasema, "yule msichana alikuwa anasema maji yananuka. Mimi nikamwambia ni mtaro." Kapteni alisimama anasugua yale manyoya kati ya vidole. Kisha akamwambia askari wa stoo, bila kugeuka, "Fungua. Toa ile takataka, iende." Hiyo ndiyo iliyokuwa samahani yake.

Adong alitoka ameshika ukuta. Mdomo umevimba, kiatu kimoja, gauni limegandamana na mgongo. Alipita karibu yangu kiasi cha kunigusa. Nikamtazama. Yeye akanipita kama unavyopita mti, macho mbele, hakupepesa. Nikafikiri, Mungu wangu, wamemharibu akili, hanijui tena. Nikainama nijidai nafunga kikapu. Kasereka naye alikuwa ameshautoa mpira tangini na kuufunga kwa waya juu, mbali na maji. Kisha kapteni akampa kipande cha mpira wa tairi la lori akatengenezee vali iliyokufa. Tuliruhusiwa kuondoka. Tulipofika barabara kuu Kasereka akaketi kwenye mtaro, akatapika, ingawa hakuwa amekunywa hata tone.

Mzee Musoke alijilaumu mpaka siku ya kufa kwake kwa sababu ya ule mkono uliokataa kugonga. Nilimwambia mara nyingi kwamba laiti angegonga, rangi ingetoka getini tu, msimamizi angeiona na kunyamaza kama kila mtu alivyonyamaza mwaka ule, na Adong angebaki stoo. Woga wake ndio uliofungua kufuli. Hakunielewa kamwe, na mimi nikiwaza sana hata mimi sielewi. Pale Nateete, msimamizi wa mazishi alisema marehemu Kasereka alikuwa shujaa. Nilitamani kusimama niseme hapana, alilia mbele ya bunduki na kuomba msaada, na ndiyo sababu nampenda mpaka leo. Badala yake nikakipakata kikombe changu.

Siku ile ya rangi nilimkuta Adong chumbani Kisugu, jua likiwa bado juu. Amekaa chini kati ya vitanda viwili, mgongo haugusi kitu. Nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi yetu ya mwisho. Nikamwekea maji ya kunywa kwenye kikombe mbele yake. Aliyatazama tu. Mwishowe nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza mbona alinipita vile, kwani amenisahau?

"Walikuwa wananipiga wanataka jina," akasema. Alisema polepole kwa sababu ya mdomo. "Sumu umepewa na nani, nani mtu wako hapa mjini. Kila mara hilo hilo. Sasa mimi niseme nini, Akello? Niseme mtu wangu anafanya kazi kwenye maji?" Akafumba macho. "Niliwaambia sina mtu. Niliwaambia Kampala hii yote, mimi sina mtu hata mmoja."

Nikakichukua kile kikombe, nikanywa mimi kwanza, nikampa. Akanywa yote.